Hotuba ya Balozi Kimani: nani aliyekubali mipaka?



Kila ukizuka mjadala wa Ukraine lazima atokee mtu aturejeshee ile hotuba ya Balozi Martin Kimani wa Kenya, aliyoitoa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 21 Februari 2022, siku ile ile Putin alipoitambua Donetsk na Luhansk kuwa nchi huru. Hapa Uingereza hata wasiojua Nairobi iko upande gani walikuwa wakitumiana kipande chake. Mimi nimeisikiliza yote, si kipande, na nina maneno mawili matatu.

Kwanza nimpe haki yake. Hotuba ni fupi na hoja yake iko wazi. Mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon, wenyewe hawakuulizwa, na kila mpaka umekata ndugu na ndugu. Lakini lau tungelianza kutafuta nchi za kabila moja au dini moja, basi mpaka leo tungekuwa tunapigana. Kwa hivyo, asema balozi, tulikubali kubaki na mipaka tuliyoirithi. Halafu akawalaumu na wakubwa wengine, wakiwemo wajumbe wa Baraza lenyewe, kwa kuikanyaga sheria ya kimataifa miongo na miongo. Hakuitaja Iraq, lakini nani asiyeelewa? Kipande nilicholetewa mimi na wenzangu wa kazini, hayo ya mwisho hayakuwamo. Yalikatwa. Hilo si kosa la balozi.

Linalonikera ni hilo neno la kukubali. Nani alikubali? Azimio la OAU la Cairo, Julai 1964, lilipitishwa na wakuu wa nchi, na hata miongoni mwao Somalia na Morocco zilikataa kufungwa nalo. Wasomali wa kaskazini mwa Kenya waliulizwa na tume ya Waingereza mwaka 1962, wengi wakasema wataka kuungana na Somalia. Jibu walilopewa ni mkoa ndani ya Kenya, kisha vita vya shifta mpaka 1967. Sasa ukisema tuliepuka vita kwa kukubali mipaka, watu wa Garissa na Wajir wakuelewe vipi?

Na sisi wa Mwambao je? Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza, mpaka ulipotiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963 kuwa sehemu ya Kenya. Zilitolewa ahadi za makadhi na hati za ardhi, sawa, lakini kura ya maoni haikupigwa. Sisemi matokeo yangekuwa nini. Nasema hatukuulizwa.

Wabajuni ndio walioumia zaidi na ndio wasiotajwa kabisa. Jubaland yote, na Kismayu, na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, ilikuwa chini ya Waingereza mpaka 1925, wakawapa Wataliani kama bakhshishi ya kuwa upande wao katika Vita vya Kwanza. Bakhshishi jamani! Watu wa lugha moja, wanaooana, wanaovua maji yale yale, wakawa wa nchi mbili. Mpaka huo uliwafuata hadi huku ughaibuni. Mwaka 2004 baraza la rufaa la uhamiaji hapa Uingereza lilitoa uamuzi juu ya Wabajuni wa Somalia, na moja katika mambo yaliyopimwa ni kama mwombaji anajua Kibajuni.

Halafu kuna hili ambalo mashabiki wa hotuba hawalitaji. Somalia iliishitaki Kenya mwaka 2014 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa bahari, eneo la zaidi ya kilomita za mraba laki moja. Machi 2021 Kenya ikagoma kuhudhuria. Tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikatoka, sehemu kubwa ikaenda Somalia, na Rais Uhuru Kenyatta akaikataa. Hesabu wenyewe: miezi minne tu baadaye mjumbe wa serikali hiyo hiyo anasimama New York kuwasomesha wakubwa utii wa sheria. Urusi haikuhitaji hata kutafuta jibu.

Msinielewe vibaya. Sitaki mtu aamke kesho kuchora ramani upya, na kuhusu Ukraine balozi alisema kweli. Lakini hoja yake ilikuwa na nusu ya pili: tubaki na mipaka ile huku tukiunganisha bara kisiasa, kiuchumi na kisheria. Hiyo nusu ndiyo ya kumdai, yeye na waliomtuma. Mwaka 2015 Kenya ilianza kujenga uzio mpakani kule Mandera. Machi 2024 Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana yake kwenye makaratasi pwani nzima kuanzia Barawa mpaka Mtwara imo katika jumuiya moja. Wenye jamaa Kiunga au Kismayu watueleze: mvuvi akivuka Ras Kamboni leo, anapokewa kama mwanajumuiya au anakamatwa na mashua yake?