Sanamu Kama Kitu cha Kukusanywa: Uhakiki wa Mchezo wa Animal Crossing kwa Mtazamo wa Mwana Hiti wa Uzaramo

Sehemu hii inahakiki namna mchezo wa video Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na Nintendo mwaka 2020, unavyozigeuza sanamu mashuhuri kuwa vitu vya kukusanywa. Mchezaji hununua sanamu kwa mbweha mlanguzi, kisha huikabidhi kwa makumbusho. Miongoni mwake wamo Daudi wa Michelangelo, Zuhura wa Milo na Malkia Nefertiti. Nyingine ni za bandia: Daudi wa bandia ana kitabu kwapani, Zuhura wa bandia amevaa mkufu. Kwa kanuni hiyo, kuijua sanamu ni kulitambua umbo lake kwa jicho.

Ukiiacha Misri, mkusanyo huo hauna sanamu ya Kiafrika. Uhakiki mwepesi ungedai nafasi iongezwe. Dai hilo, hata hivyo, linaiacha kanuni ya mchezo bila kuhojiwa. Mfano wa mwana hiti unabainisha tatizo. Katika Uzaramo, ambamo imo kata ya Kurui wilayani Kisarawe, sanamu hiyo ndogo ya mti, yenye kishungi kichwani na kiwiliwili kisicho na mikono, ilikabidhiwa kwa mwali aliyewekwa ndani. Mwali alimwogesha, alimpaka mafuta na kumlea. Jina lenyewe linamweka katika daraja la mtoto, si la pambo. Thamani yake ilikuwa katika kutunzwa na kurithishwa. Aidha, mafunzo yaliyoambatana naye hayakuwa ya kila mtazamaji.

Mchezo wa Relooted wa studio ya Nyamakop ya Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka 2025, unageuza mwelekeo: wachezaji huvichukua vitu vya Kiafrika vilivyoko Magharibi na kuvirejesha. Hatua hiyo ni muhimu, kwa kuwa inauliza kitu ni cha nani. Hata hivyo, ushindi bado hupimwa kwa kukipata kitu. Kwa mwana hiti, kupatikana ni mwanzo tu. Kazi huanza anapofika mikononi mwa mwali.

Kwa msingi huo, inahitimishwa kuwa kumwingiza mwana hiti katika orodha ya Nintendo kungempa umaarufu na kumvua uana. Haki ya uwakilishi haitimizwi kwa kuongeza idadi ya sanamu, bali kwa kubadili kile ambacho mchezaji anatakiwa kukifanya nazo.