Biskuti zenye sukari kidogo: gramu zipi ziondoke kwanza

Mpishi wa nyumbani anayeamua kupunguza sukari kwa mara ya kwanza huanza na hesabu nyepesi: palipoandikwa kikombe kimoja anaweka nusu, basi. Dakika kumi na mbili baadaye anafungua oveni na kukuta madonge yamekaa vilevile alivyoyapanga kwenye trei, meupe pe, yametuna juu kama skonzi. Yakipoa yanakuwa makavu na kumkwama mlaji kooni. Wa kwanza kuonja halalamikii utamu. Anauliza kama hizi ni biskuti au ni mikate.

Swali lake lina msingi, kwa sababu utamu ni kazi moja tu kati ya kazi nyingi za sukari ndani ya biskuti. Inapopigwa pamoja na siagi, chembe zake huingiza hewa kwenye mafuta, ndiyo maana mchanganyiko hubadilika rangi na kuwa mwepesi. Ndani ya oveni sukari inayeyuka na kuwa shira, donge linalegea na kutandaa kabla yai na unga havijashika. Shira hiyo pia hugombea maji na unga, hivyo gluteni, ule utando unaoufanya mkate uvutike, haipati nafasi ya kujijenga. Rangi ya kahawia na harufu inayojaa nyumba nzima vinaitegemea sukari kwa sehemu kubwa. Na biskuti inapopoa, shira iliyobaki hukauka na kuwa ngumu mithili ya kioo, ndipo pembeni panapolia ukipavunja.

Ukiondoa nusu kwa mkupuo, kazi zote hizo zinapungua kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kushika kijiko ni bora kuuliza: katika sukari yote iliyomo, ni ipi inayofanya kazi na ipi imekaa tu?

Mfano mzuri ni biskuti za vipande vya chokoleti za Toll House, zilizobuniwa na Ruth Wakefield, aliyekuwa na nyumba ya wageni huko Massachusetts, Marekani, miaka ya 1930. Kipimo chake kinachojulikana sana ni unga vikombe viwili na robo, sukari nyeupe robo tatu ya kikombe, na sukari ya kahawia iliyoshindiliwa kiasi hichohicho. Kwenye mizani, unga ni gramu 280 hivi na sukari ni kama gramu 310: sukari inauzidi unga. Juu yake vinaongezwa vikombe viwili vya chokoleti, gramu 340, ambayo karibu nusu yake ni sukari. Donge hilo hutoa biskuti 60 hivi, kila moja ikibeba takriban gramu 8 za sukari, sawa na vijiko viwili vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Biskuti tatu za kushushia chai zinakaribia kukimaliza kiwango hicho cha chini.

Sasa tazama chokoleti. Gramu 170 za sukari zilizomo ndani yake hazisaidii donge kutandaa wala kulainika, ni za utamu tu. Hapo ndipo pa kuanzia. Chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70 huwa na sukari karibu gramu 30 katika kila 100, kwa hiyo ukiiweka badala ya ile ya kawaida, gramu 70 hivi zinaondoka na donge halijui kilichotokea.

Hatua ya pili ni kupunguza robo ya sukari ya donge lenyewe, na yote itoke kwenye ile nyeupe. Ya kahawia yenye unyevu ibaki, kwa kuwa molasi yake inashika maji na kuizuia biskuti isikauke. Kwa mabadiliko hayo mawili, kila biskuti inashuka kutoka gramu 8 hadi tano na nusu.

Kinachopungua kinahitaji msaidizi. Donge halitatandaa sana kama awali, basi libonyezwe kwa kitako cha glasi kabla ya kuingia kwenye oveni. Kijiko cha maziwa ya unga kinaongeza rangi, kwani sukari ya maziwa husaidia biskuti kugeuka kahawia ilhali utamu wake ni hafifu. Chumvi isipunguzwe, maana inaupa nguvu utamu mdogo uliobaki.

Wengi hukimbilia asali wakidhani wamepona. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na mwongozo uleule unaihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa. Tende zilizokatwakatwa haziingii kwenye hesabu hiyo kwa kuwa ni tunda zima lenye nyuzinyuzi zake, lakini mwenye kisukari bado anapaswa kuzihesabu.

Njia nyingine ni kuchagua biskuti ambayo tangu asili haikuegemea sana sukari. Nankhatai, iliyofika pwani yetu kutoka Bara Hindi na kuzoeleka kwenye sahani za Idi, hupikwa kwa unga, samli, sukari na iliki, mara nyingi bila yai wala maji. Samli imeshatolewa maji, kwa hiyo gluteni haina pa kuanzia, na kule kumung'unyika mdomoni kunatokana na mafuta. Theluthi ya sukari inaweza kuondoka na nankhatai ikabaki nankhatai.

Siri iko kwenye kusaga. Donge lisilo na maji haliyeyushi chembe kubwa, zinabaki kama mchanga. Sukari ikitwangwa pamoja na iliki mpaka iwe unga, inayeyuka upesi kwenye ulimi, na kiasi kidogo kinasikika zaidi.

Anayeoka kwa sufuria na mkaa ana faida yake: moto mwingi juu ya mfuniko na mdogo chini huipa rangi biskuti yenye sukari kidogo. Lakini akingoja juu pawe kahawia kama alivyozoea, atazikausha. Inatosha kuinua moja kwa ncha ya kisu na kuigeuza. Chini pakiwa na rangi ya ganda la korosho iliyokaangwa, sufuria iteremke, hata kama juu bado ni nyeupe.