Kanisa Kuu la Cologne na Mshono Uliofichwa

Wanaolisifu Kanisa Kuu la Cologne, nchini Ujerumani, hupenda kutaja miaka 632. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248, minara ikakamilika mwaka 1880. Hesabu ni sahihi. Ninachokipinga ni maana inayopachikwa juu yake, kwamba jengo hili ni tunda la imani moja iliyovumilia vizazi na vizazi.

Wajenzi wa kwanza walikuwa na sababu inayoeleweka. Mabaki yanayoaminiwa kuwa ya Mamajusi watatu yaliletwa mjini humo kutoka Milan mwaka 1164, na palihitajika pahali panapostahili hazina hiyo na mahujaji wake. Sehemu ya altare kuu ilitabarukiwa mwaka 1322. Kufikia mwaka 1560 hivi kazi ilikuwa imesimama kabisa. Kwa karne kadhaa winchi ya mbao ya kupandishia mawe ilibaki juu ya mnara wa kusini ulioishia njiani, hata ikawa alama ya mji.

Ujenzi ulipoanza tena mwaka 1842, aliyeweka jiwe alikuwa Friedrich Wilhelm wa Nne, mfalme wa Prussia, tena Mprotestanti. Fedha zilitoka serikalini, kwa chama cha wananchi, na baadaye hata kwenye bahati nasibu. Mchoro wa kale wa upande wa mbele ulikuwa umepatikana vipande viwili, kimoja Darmstadt na kingine Paris, na mafundi wakaufuata kwa uaminifu wa ajabu. Lakini juu ya matao ya mawe waliweka paa la fremu za chuma, jambo ambalo mwumini aliyeketi chini hawezi kulijua. Siku ya sherehe mwaka 1880 Kaisari Wilhelm wa Kwanza alikuwapo. Askofu Mkuu Paulus Melchers hakuwapo. Alikuwa uhamishoni kutokana na ugomvi wa serikali na Kanisa Katoliki. Kanisa kuu ni kanisa lenye kiti cha askofu, na hili lilisherehekewa mwenye kiti akiwa nje ya nchi!

Sijafika Cologne, nahukumu kwa picha na michoro. Ninachokiona ni minara ya mita 157 iliyoungana na kazi ya kale bila mshono. Kwa ufundi, hilo ni jambo la kustaajabisha. Kwa ukweli, linanitia shaka, kwa sababu karne ya 19 imevaa nguo za karne ya 13 na haisemi popote kwamba imeziazima.

Ndiyo maana naliona dirisha la Gerhard Richter la mwaka 2007 kuwa sehemu nyofu kuliko minara. Lina miraba zaidi ya 11,000 ya vioo vya rangi 72, rangi zilizochaguliwa kwa kufuata madirisha ya kale ya kanisa hilohilo, na mpangilio wa miraba uliachiwa kwa kiasi kikubwa bahati ya kompyuta. Kadinali Meisner hakulipenda, akaona lingefaa zaidi msikitini. Namwelewa: kabla ya hapo lilikuwapo wazo la kuchora mashahidi wa karne ya 20, na sasa hakuna hata sura moja ya mtakatifu. Hata hivyo, jua la mchana likipita upande ule wa kusini, rangi za kale humwagika sakafuni, na hakuna atakayedhani dirisha lile ni la mwaka 1248.