Darasa Dogo la Waliobaki Nyuma

Ndugu waalimu, liko jambo moja ambalo twalitenda katika shule nyingi kwa nia njema, nalo halizai matunda tunayoyatazamia. Ni lile darasa dogo la watoto waliobaki nyuma katika masomo, ambalo hukusanywa jioni, wenzao wakiisha kwenda nyumbani, ili wafundishwe tena. Hatuandiki ili kulikataza, maana twaliona kuwa ni miongoni mwa kazi bora za mwalimu. Twaandika ili kulipima. Kazi njema ikifanywa vibaya huleta hasara mbili: mtoto hapati msaada, kisha mwalimu husema kwamba msaada ulitolewa, ila mtoto ndiye asiyefaa.

Na tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa na watoto wa darasa la tano walioshindwa kabisa na hesabu za sehemu. Tukawatenga, tukawafundisha sehemu kila jioni muhula mzima. Mifano ilikuwa ile ile ya asubuhi, ubao ule ule. Kilichozidi ni sauti yetu tu. Muhula ulipokwisha, alama zao zilikuwa pale pale. Ndipo tulipoona haya, tukawaita mmoja mmoja, tukawapa hesabu ndogo ya kutoa: 42 toa 17. Zaidi ya nusu yao waliandika 35.

Tazameni vema jibu hilo, kwa kuwa halikutokana na kubahatisha. Mtoto alitoa 1 katika 4, akapata 3. Alipofika kwenye 2 na 7, akaona 7 haitoki katika 2. Basi akaigeuza hesabu, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Alikuwa na kanuni, tena aliifuata kwa uaminifu, lakini ni kanuni ya uongo, naye aliibeba tangu darasa la pili pasipo mwalimu hata mmoja kuijua. Asiyeweza kukopa kumi moja, sehemu atazielewa wapi? Muhula mzima tulikuwa tukiezeka paa la nyumba isiyo na kuta.

Kusoma nako ni vivyo hivyo. Yuko mtoto ashikaye kitabu mkononi na kusoma ukurasa mzima bila kukwama, mgeni akapendezwa. Lakini weka kidole juu ya neno lililo katikati ya mstari, umwulize ni neno gani. Atarudi mwanzo wa mstari, atautamka polepole mpaka alifikie. Huyo hasomi, amehifadhi. Mwingine hutamka "numba" palipoandikwa nyumba, wala hatofautishi mwanzo wa ngoma na mwanzo wa ng'ombe. Ukimpa mtoto huyo maswali ya ufahamu jioni, umempa mzigo wa pili juu ya ule uliomlemea asubuhi.

Basi, lawama yetu ya kwanza juu ya darasa dogo ni hii: hufundisha pale lilipofika somo la mwezi, si pale alipo mtoto. Huwa ni darasa kubwa lililopunguzwa watu tu. Uchache wa watoto peke yake hauponyi kitu. Faida yake ni kumpa mwalimu nafasi ya kuona kosa la kila mmoja. Asipoitumia nafasi hiyo, watoto kumi ni sawasawa na watoto themanini.

Wala si sisi tu tulioliona jambo hili. Katika Bara Hindi, chama kiitwacho Pratham, kilichoanzishwa Mumbai mwaka 1995, kiliweka katika shule za mji huo na za Vadodara vijana wa kike wa mitaa ile ile, walioitwa balsakhi, maana yake rafiki wa mtoto. Kila mmoja alichukua watoto kama 15 au 20 wa darasa la tatu na la nne waliobaki nyuma, akakaa nao saa mbili kila siku, katika saa za shule, akiwafundisha mambo ya awali ya kusoma na kuhesabu. Wachunguzi waliipima kazi hiyo kati ya mwaka 2001 na 2003. Waliona kwamba watoto waliotengwa waliendelea mbele waziwazi. Lakini wale waliobaki darasani, ijapokuwa darasa lao sasa lilikuwa na watoto wachache, hawakuonyesha faida ya kutajika. Kumbe si uchache uliosaidia, ila ni kufundishwa kile walichokosa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki ushahidi upo pia. Watu wa Uwezo, walioanza kazi yao mwaka 2009, walipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapima watoto kwa masomo ya darasa la pili. Katika vipimo vya miaka ile ya kwanza, walio wengi katika darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi iliyotungwa kwa ajili ya darasa la pili. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine wala karatasi nyingi: herufi au silabi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Mwalimu mmoja aweza kumpima mtoto mmoja kwa dakika chache, akajua ni wapi ngazi ilipokatika. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kufanya hivyo kabla ya kuandika majina ya darasa la jioni?

Lawama ya pili yahusu majina hayo hayo. Twayaandika kwa kufuata mtihani. Mtoto aliyekosa alama chache tu za kufaulu huitwa kwanza, kwa sababu akisukumwa kidogo atavuka, na jina la shule litapanda. Yule wa chini kabisa, asiyesoma silabi, huachwa nyuma ya darasa, kwa kuwa hawezi kutuletea sifa mwaka huu. Hatusemi ni ubaya kumsaidia aliyekaribia mlango. Twasema kwamba mchungaji wa mfano ule tunaowafundisha watoto kila mwaka hakumfuata kondoo aliyekuwa karibu na zizi.

Lawama ya tatu ni ya saa na ya fedha. Mafundisho ya jioni na ya likizo, ambayo watu huyaita tuisheni, mara nyingi hulipiwa. Alipaye ni mzazi mwenye nacho, na mtoto wake mara nyingi si yule aliye nyuma. Aliye nyuma yuko kisimani, au anamlea mdogo wake, au yuko njiani kurudi kijiji cha mbali. Kenya iliyakataza masomo ya likizo kwa sheria yake ya elimu ya msingi ya mwaka 2013; lakini sheria hukataza tu, haimfundishi mtoto kusoma. Dawa ni kulitia darasa dogo ndani ya saa za shule, bila malipo, kama walivyofanya wale wa Mumbai. Na asipewe mwalimu mgeni aliyekosa kazi nyingine. Apewe aliye mvumilivu, ambaye amefunzwa njia ya kulitafuta kosa.

Hapo twasikia jibu la wenzetu: "Mkiwatenga mtawatia aibu, na mwenye aibu hajifunzi." Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Tumesikia kwa masikio yetu darasa dogo likiitwa "la wajinga", na aliyeliita hivyo hakuwa mtoto, alikuwa mwalimu. Walakini, aibu haitokani na kutengwa peke yake. Magharibi ya Kenya, kuanzia mwaka 2005, shule 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja ziliongezewa mwalimu, na darasa likagawanywa mara mbili. Katika shule kama nusu, watoto waligawanywa kwa alama zao za mwanzo. Katika nyingine, kwa kura. Mwisho wake, palipogawanywa kwa alama watoto wa kundi la juu na wa kundi la chini wote waliendelea kuliko wenzao wa kura. Mwalimu aliyekuwa na watoto wanaolingana aliweza kufundisha kwa kipimo chao.

Aibu iliyo kubwa zaidi ni ile ya kukaa miaka saba katikati ya wenzako, ukinakili ubaoni maneno usiyoyasoma. Aibu hiyo haina kelele, ndiyo sababu hatuioni. Lakini darasa dogo lisilo na mlango wa kutokea, huwa gereza kweli. Kwa hiyo watoto wapimwe tena kila baada ya wiki chache. Aliyepanda atoke, arudi kwa wenzake siku ile ile, na wote wajue kwamba kuingia kule ni kama kwenda zahanati: mtu huenda, hupona, hurudi.

Wala tusijidanganye kwamba dawa hii hudumu bila kutunzwa. Wale wachunguzi wa Bara Hindi walirudi mwaka mmoja baada ya kazi kukoma, wakakuta sehemu kubwa ya faida imepungua, ingawa haikupotea yote. Mtoto aliyefundishwa silabi akirudishwa katika darasa lisilomtazama, atabaki nyuma tena. Maana yake ni kwamba darasa dogo haliwezi kuwa kisingizio cha darasa kubwa. Likiwa kila mwaka watoto wale wale waingia, basi ugonjwa hauko kwao. Uko katika mafundisho yetu ya asubuhi.

Tumalize kwa wale watoto wetu wa 42 toa 17. Tuliacha sehemu, tukaenda porini kukata vijiti. Tukavifunga kumi kumi. Kila mtoto akashika matita manne na vijiti viwili, akaambiwa atoe kumi na saba. Kijana mmoja alivitazama vijiti vyake viwili kwa muda mrefu. Kisha, pasipo kuambiwa na mtu, akakata kamba ya tita moja, vijiti vikamwagika mezani, akacheka. Alihesabu kumi na viwili, akatoa saba, akatoa na tita moja. Yakabaki matita mawili na vijiti vitano. Kwa miaka mitatu alikuwa akisubiri mtu amwonyeshe kwamba tita hufunguka.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtoto huyo ulikuwa mdogo, nasi tuliupita kila siku tukienda ubaoni. Basi, ndugu waalimu, kabla ya kupiga kengele ya darasa la jioni, mwiteni kila mtoto peke yake, mkamsikilize. Huo ndio mwanzo wa msaada.