Mandhari kama Ushahidi: Mawingu ya John Constable na Upungufu wa Uhakiki Wetu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, istilahi mandhari imezoea kubeba maana ya mahali na wakati wa matukio. Ni pazia nyuma ya wahusika. Mazoea hayo yamehamia katika mijadala yetu ya uchoraji, na huko yameleta hasara. Mchoro wa mlima au wa mbuga huelezwa kana kwamba unasubiri mtu aingie ndipo uwe na maana. Ilhali neno lenyewe, katika asili yake ya Kiarabu, linatokana na tendo la kutazama, na ni tendo hilo hasa ambalo mchoraji wa mandhari anapaswa kulitolea hesabu.

Kazi za John Constable (1776–1837) zinafaa kulipima jambo hili. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, mwinukoni kaskazini mwa London, alichora makumi ya picha ndogo za mawingu kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, akifanya haraka kabla anga halijabadilika. Nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa na mwelekeo wa upepo. Katika baadhi yake hamna mti wala paa. Ni anga tupu. Anayeshikilia kuwa mandhari ni usuli hana la kusema hapo, kwa kuwa hakuna chochote kilichosimama mbele ya usuli huo.

Constable alikuwa mwana wa msaga nafaka, na ujanani alifanya kazi katika kinu cha upepo cha babake. Kwa msagaji, wingu ni taarifa ya kazi. Naona maelezo haya yana uzito kuliko nadharia ya ulimbwende ambayo wahakiki huikimbilia. Hata hivyo tusimkweze kupita kiasi: The Hay Wain, mchoro mkubwa wa 1821, aliukamilisha studioni London, mbali na mto Stour unaoonekana humo. Kutazama hakukumwondolea kazi ya kukumbuka na kupanga. Kulimpa kigezo cha kuisahihishia.

Kiswahili hakikosi maneno ya utazamaji wa namna hiyo. Kaskazi, kusi, matlai na umande ni majina ambayo mabaharia wa pwani waliyategemea kuamua safari, lakini ni nadra kuyakuta katika uhakiki wa picha. Waandaaji wa mitaala ya sanaa wangeweza kuanzia hapo: mwanafunzi wa Kampala au Mombasa apelekwe nje, aandike saa na upepo nyuma ya mchoro wake, kabla hajapewa picha ya tembo na machweo ainakili.