Beji ya USS Guam: Namna ya Kuitambua Darizi Nzuri

Anza na mgongo. Muuzaji atakuonyesha uso wa beji, maana rangi zimepangwa huko zikuvutie, lakini kazi ya fundi husomeka nyuma. Anayezijua kofia za kushona kwa mkono huigeuza kofia ndani nje kabla ya kuuliza bei, na beji ya meli ya kivita nayo inastahili kufanyiwa hivyo hivyo.

Mfano wangu ni beji za kumbukumbu za USS Guam, meli ya Marekani iliyobeba helikopta na askari wa Marine wa kushushwa nchi kavu, ikatumika kuanzia 1965 hadi 1998. Meli hii ina historia na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 5 Januari 1991, Mogadishu ikiwaka moto wa vita, helikopta mbili za CH-53E ziliruka zaidi ya maili 400 za baharini kutoka kwenye msafara wa Guam na mwenzake Trenton. Zilijazwa mafuta angani, zikatua katika ubalozi wa Marekani. Usiku ule helikopta za CH-46 zikamalizia kazi kutoka Guam. Watu 281 wa mataifa kama 30 waliokolewa, akiwemo balozi wa Umoja wa Kisovyeti, wakapelekwa Muscat.

Turudi mgongoni. Tazama mistari minene ya darizi, kama miguu ya herufi. Uzi wa bobini, ambao kwa kawaida ni mweupe, uonekane katikati ya mstari, kiasi cha theluthi moja ya upana, na uzi wa rangi uukumbatie pande zote mbili. Ukiona nyuma pamejaa rangi tupu, uzi wa juu umelegea. Ukiona weupe umepanda hadi usoni, uzi wa juu umekazwa mno. Mafundo makubwa na nyuzi zinazorukia kutoka herufi moja hadi nyingine ni dalili ya haraka. Beji nyingi za siku hizi zimefunikwa nyuma kwa plastiki ya gundi ya kupigia pasi. Si kosa, ila ushahidi umezibwa, kwa hiyo uso uukague mara mbili.

Usoni nenda moja kwa moja kwenye herufi ndogo. Katika “LPH-9”, namba ya meli hii, matundu ya P na 9 yabaki wazi. Herufi iliyo chini ya milimita tano hivi huwa mtihani kwa mashine yoyote, na fundi mwenye akili hupunguza maneno badala ya kuyabana. Kisha angalia mahali rangi mbili zinapokutana. Kitambaa huvutwa na nyuzi wakati wa kushona, na asiyelipigia hesabu hilo huacha mwanya mwembamba kati ya meli na bahari. Nyuzi ndefu zinazong'aa zinapendeza, lakini zikizidi kama sentimita moja bila kukatwa zitanasa kwenye kila kitu.

Wauzaji hupenda kutangaza beji iliyodariziwa asilimia mia. Usidanganyike. Kitambaa kizuri kilichoachwa wazi nyuma ya picha hutulia vizuri na huzipa herufi nafasi. Kinachopimwa ni kama nyuzi zilizopo zimesongamana: ikunje beji kidogo, na kitambaa kisichungulie katikati ya darizi. Pindo nalo, ile ovaloki nene ya pembeni, liwe na upana mmoja mzunguko mzima, na mkia wa uzi umefichwa nyuma. Ovaloki hiyo hufaa duara na ngao. Ukikuta umbo lenye ncha kali limekatwa kwa moto na kuzungushiwa darizi, usilidharau.

Sasa meli yenyewe, na hapa ndipo wengi huanguka. Mnara wa Guam ulikuwa ubavu wa kulia. Picha ikielekeza omo kulia kwako, mnara uwe upande wako. Ikielekea kushoto, mnara uwe ng'ambo ya sitaha. Kinyume chake maana yake mtu amegeuza picha kwenye kompyuta bila kufikiri. Tezi isiwe na mlango mkubwa wa kutolea mashua, kwa kuwa meli za aina hii hazikuwa nao. Ukiona minara ya mizinga mikubwa, hiyo ni Guam nyingine, ya Vita vya Pili vya Dunia. CH-46 ina mapanga juu mbele na nyuma. CH-53 ina seti moja kubwa ya mapanga juu na ndogo mkiani. Lakini ukiona ndege za Harrier usiikatae beji: miaka ya mwanzo ya 1970 Guam ilizijaribu kweli, na aliyeziweka huenda anaijua meli hiyo kuliko wewe.

Kuhusu umri, taa ya urujuani si hakimu. Nyuzi za poliesta mara nyingi hung'aa chini yake, ila hata pamba ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa. Beji ya kumbukumbu iliyotengenezwa mwaka jana haina aibu yoyote; aibu ni kuuzwa kama iliyovaliwa melini. Yenye mwaka 1998, meli ilipostaafishwa, haiwezi kuwa ilivaliwa na baharia wa 1991. Na kama ni mpya yenye nyekundu nyingi, ipapase kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: rangi ikitoka, mrudishie mwenyewe.

Ukibaki na mbili, moja safi kabisa lakini mnara wake uko upande mbaya, nyingine ina uzi mmoja uliolegea lakini meli ni Guam kweli, chukua ya pili. Uzi hurekebishwa na fundi yeyote mwenye sindano.