"Shiriki Printa": Istilahi Isiyofaa

Katika tafsiri za programu za kompyuta, mtumiaji huamriwa "shiriki printa". Twaona istilahi hii haifai. Mtu hushiriki katika jambo: mkutano, mazishi, uchaguzi, printa si jambo. Karani wa Sumbawanga aisomapo hajui anaambiwa awape wenzake printa yake au atumie yao. Wapangaji wa nyumba moja husema wanachangia choo, na katika mafunzo ya UKIMWI twaonywa tusichangie nyembe. Basi amri na iwe "ruhusu printa ichangiwe". Watakaodai kwamba kuchangia ni kutoa fedha tu hawajawahi kupanga.

Kosa kubwa zaidi ni kuziita printa za aina mbili jina moja, "printa ya mtandao". Moja imefungwa kwa waya kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Akiizima na kwenda zake, ofisi nzima haichapi. Nyingine imeunganishwa yenyewe na mtandao, ina anwani yake, wala haingoji kompyuta ya mtu. Hiyo ya pili ndiyo istahiliyo jina hilo. Ya kwanza iitwe "printa ya kuchangia". Ofisi ya Ufipa iagizapo kwa jina lenye utata yaweza kuletewa isiyoitaka, na kuirudisha Mbeya ni safari ya kupitia Laela na Tunduma.